Bi Moja na Mkanda Alioogopa Kuusafisha

Ndugu, jamaa, majirani, na ninyi wafanyakazi wenzake wa zamani mliotoka mbali: tunamsindikiza leo mama, bibi, wifi na jirani ambaye mtaa mzima ulimjua kwa jina la Bi Moja. Familia imeomba wasifu huu usomwe taratibu, maana mwenyewe hakupenda mtu anayesoma kama anakimbizwa. Imeomba pia usisomwe kwa sauti ya kilio, kwa sababu alipoondoka alikuwa ameshautua mzigo aliokaa nao kwa miaka mingi. Ni mzigo gani, mtasikia.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1946, mtoto wa nne kati ya saba, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya baba yake, aliyekuwa seremala. Mama yake alikuwa mshonaji. Alizaliwa mchana kweupe msumeno ukiendelea kukata mbao upande wa pili wa ukuta, na mama yake alisema ndiyo maana hakuwahi kushtushwa na kelele. Alikuwa mtoto wa kuangalia. Aliangalia maji yanavyoanza kuchemka, aliangalia wazee wanavyofunga kamba za viatu, aliangalia mgeni anavyokunywa chai mpaka mgeni akaona haya. "Wewe mtoto," mama yake alikuwa akimwambia, "macho yako yatachakaa kabla ya viatu."

Alianza shule mwaka 1953 na kumaliza darasa la nane mwaka 1960. Ripoti zake zipo mpaka leo, na karibu zote zinasema jambo lile lile kwa miandiko tofauti: anasikiliza vizuri, ila muda mwingi yuko dirishani. Kusikiliza kwake kulikuwa kwa ajabu. Mtu akikohoa nje ya darasa, yeye alisema ni nani kabla mlango haujafunguliwa. Mwalimu mmoja ndiye aliyewaambia wazazi wake kwamba masikio ya namna hiyo yasipotee bure, na mwaka 1964 wakampeleka kwenye mafunzo ya simu na upigaji chapa.

Tarehe 1 Februari 1966 aliajiriwa kuwa mpokea simu wa kiwanda cha biskuti, kazi aliyoifanya mpaka alipostaafu mwaka 2001. Chumba chake kilikuwa chini ya ngazi. Hakikuwa na dirisha. Kilikuwa na kiti kimoja, feni iliyoelekea ukutani kwa sababu ikimwelekea mtu ilirusha karatasi, na ule ubao wa matundu na nyaya ambao vijana wa leo wakiuona watadhani ni chombo cha kurushia roketi. Simu inaingia, anachomeka waya huku, anachomeka mwingine kule, watu wawili wanaongea. Alimjua kila mtu wa kiwanda kile kwa sauti. Alijua wa stoo amelala vizuri au hakulala. Alijua dereva gani anadanganya kuhusu pancha. Lakini hebu fikirieni: kuna watu aliongea nao kila siku kwa miaka, na alikuwa hajawahi kuwaona sura.

Ndipo mwaka 1993 mhasibu mmoja akahama, akawa anauza vitu vyake, na Bi Moja akanunua kwake kamera ndogo ya mkanda. Ilikuwa nyeusi, inaenea kiganjani kama kipande cha sabuni, na haikuwa na kitu cha kurekebisha. Unalenga, unabonyeza, basi. Kitabu chake cha maelekezo kilikuwa kimeshapotea, kwa hiyo alijifunza mwenyewe. Ukiweka mkanda mpya kamera ilinguruma kwa muda mrefu kama inasaga kitu, kisha namba kwenye kidirisha zilishuka badala ya kupanda, kutoka thelathini na sita kwenda chini. Hakuwahi kujiuliza kwa nini. Aliitia kwenye mkoba pamoja na leso na funguo, na tangu siku hiyo hakutoka bila hiyo.

Mapumziko ya mchana yalipofika alipanda ngazi kwenda kuwatafuta wenye sauti. Watu walikuwa wakimwona na kamera wanajinyoosha, wanafunga vifungo, wanatabasamu kama wanaomba kura. Yeye alikasirika. "Sikuja kumpiga picha mgeni rasmi. Endelea kufunga maboksi!" Na alipiga moja tu. Hakurudia kwa mtu yeyote. Ukifumba macho, umefumba. Meneja mwenyewe alinaswa mdomo umejaa biskuti, akamwomba ampige nyingine akiwa amemeza. "Moja tu, bosi," alimjibu. "Nikipiga ya pili, hiyo itakuwa ya mtu mwingine." Jina la Bi Moja lilizaliwa siku hiyo, na meneja ndiye aliyelieneza.

Nyumbani alipiga yaleyale ya kila siku. Viatu vilivyovuliwa mlangoni. Nguo kwenye kamba. Foleni ya maji. Jirani anayemkemea kuku. Kitinda mimba wake akiwa amelala juu ya daftari, kalamu bado mkononi. Watu walimwalika apige picha za harusi, akakataa, mpaka wakadhani anaringa. "Harusi ina wapiga picha wake," alisema. "Sufuria langu halina."

Alifunga ndoa tarehe 6 Septemba 1969 na fundi kufuli aliyekuwa na kibanda mtaa wa tatu kutoka kiwandani. Waliopo hapa wamewahi kusikia walivyokutana, lakini litajwe tena. Kiwanda kilimwita fundi atengeneze kufuli la stoo, naye akapiga simu kuuliza ni kufuli la aina gani.

"Wa stoo ametoka," alijibu mpokea simu.

"Nitapiga tena."

Akapiga tena. Wa stoo bado ametoka. Akapiga mara nyingine, na mara hiyo wa stoo alikuwepo.

"Nakuunganisha, subiri."

"Ah, hapana dada," sauti ikasema. "Usimsumbue. Nilitaka kujua tu kama bado ametoka."

Alipokuja kiwandani na mkoba wake wa vifaa, Bi Moja alimtazama, akafumba macho, akamwambia, "Hebu sema 'usimsumbue'." Akasema. "Kweli ni wewe," Bi Moja akamjibu, na yaliyofuata ni sisi.

Walijaliwa watoto watatu: binti, mvulana na binti. Walijaliwa pia jirani wa kudumu, dada yake fundi, msusi, aliyehamia chumba cha upande wa pili wa ua na hajahama mpaka leo. Wifi hawa wawili walitaniana kila siku waliyoishi pamoja, na mtu asiyewajua angedhani wanagombana.

Tatizo la ndoa ile lilikuwa moja. Mume hakupigwa picha. Picha ya harusi ipo, ya studio, ya kijana mwenye shingo ndefu aliyeshikilia pumzi. Baada ya hapo, hakuna. Albamu za Bi Moja zimejaa kiwiko chake, kisogo chake, gazeti lenye miguu miwili chini yake. Akisikia mkoba wa kamera unafunguka alikuwa ameshageuka. "Sura yangu ni ya kutumia," alikuwa akisema, "siyo ya kuning'iniza." Na Bi Moja, ambaye hakuwahi kumlazimisha mtu, alimwacha. Simu za nyumba ile wakati huo zilikuwa za vitufe, hazikupiga picha ya maana. Kwa hiyo yule mzee tuliyemjua, mwenye nywele nyeupe na vidole vyenye harufu ya mafuta ya mashine, hakuwepo kwenye karatasi yoyote.

Mwaka 2012 fundi aliugua mapafu. Asubuhi moja mwezi Mei alikuwa ananyoa ndevu mbele ya kioo kidogo cha dirishani, mkewe anapita na beseni. Bila kugeuka akasema, "Haya, Bi Moja. Nipige."

Karibu adondoshe beseni. Alipiga moja. Kesho yake akapiga nyingine, na kesho kutwa nyingine, kila siku moja, mume akifanya yake: anatafuta miwani iliyo kichwani kwake, anagombana na redio, anachonga ufunguo, anakunywa dawa huku ameikunjia uso. Bi Moja alitaka kuupeleka mkanda studio hata kabla haujaisha. Mume akakataa. "Hasara hiyo. Umalize kwanza. Zikitoka nionyeshe, nicheke."

Alifariki tarehe 2 Juni 2012. Mkanda ulikuwa haujaisha.

Linalofuata mama alimwambia binti yake wa kwanza peke yake, na familia imekubaliana lisemwe hapa, kwa sababu halina aibu tena. Wiki chache baada ya mazishi alikaa mbele ya kile kiti alichopenda mume wake, kile cha kamba kilichobonyea upande mmoja. Akakipiga picha. Kamera ikaguna katikati ya mngurumo wake, ikanyamaza. Betri imekwisha. Akaichukua mpaka dirishani, jua la mchana limejaa, macho yamejaa machozi, akatafuta mlango wa betri kwa kidole. Akabonyeza kitasa cha pembeni. Mgongo wote wa kamera ukafunguka.

Aliyewahi kutumia kamera ya mkanda anaujua moyo wake ulivyokuwa wakati ule. Mkanda ukiona mwanga umekwisha. Wajukuu walichapwa vidole kwa kugusa tu kile kitasa. Aliuona umenyooka unang'aa, rangi ya kahawia. Akaufunga haraka, lakini kuona ameshaona, na jua limeshaona. Alitoa betri, akaiviringisha kamera kwenye kitambaa cha kichwa, akaitia kwenye kopo la biskuti, akaliweka kabatini nyuma ya mashuka. Hakupiga picha tena.

"Sura ya baba yenu nimeiunguza kwa mkono wangu," alimwambia binti yake.

"Mama, hatujui. Tuupeleke studio wausafishe, tujue."

"Nikishajua, nimejua. Sasa hivi angalau bado sijajua." Kisha akasema lile lililomsumbua zaidi. "Aliniambia nimwonyeshe zikitoka. Nitakapomkuta huko akaniuliza, nitamjibu nini?"

Na aliyemwogopa kuliko wote hapa duniani alikuwa wifi yake. Wifi hakujua kwamba kamera ilifunguka. Alichojua ni kwamba kaka yake alikubali kupigwa picha mwishoni, na picha hizo ziko kabatini, na mwenye kabati hataki kuzitoa.

"Wifi, utaniweka na kiu mpaka lini? Unamkalisha kaka yangu kwenye kopo kama sukari!"

"Studio zote zimefungwa, wifi. Watu wanatumia simu siku hizi."

"Iko moja mjini."

"Hiyo ni ghali."

"Nitalipa mimi."

"Miguu inaniuma."

Miguu kweli ilianza kumuuma, lakini hiyo ilikuwa miaka mingi baadaye. Mwezi Agosti 2023 madaktari walisema moyo wake umechoka na hausukumi damu inavyotakiwa. Miguu ilivimba, pumzi ikawa fupi, akalazwa mara kadhaa na kila mara alirudi nyumbani akiwajua manesi wote kwa sauti. Alimeza dawa bila kulalamika. Kilichomnyima usingizi, alisema binti yake, hakikuwa moyo. Alikuwa akilala ameelekea kabati.

Mwezi Januari mwaka huu wifi yake alikuwa anamkanda miguu kwa mafuta, mchana, mlango uko wazi. Bila utani safari hii, akasema, "Wifi, nani atatangulia kati yetu hatujui. Nitolee kaka yangu nimwone."

Bi Moja akamwambia. Kiti, betri, kitasa, jua, yote. Akamaliza akiwa amefunika uso kwa khanga.

Wifi aliacha kukanda. Kisha akampiga kofi dogo gotini.

"Miaka kumi na miwili! Mimi miaka yote nadhani umenichukia. Nadhani kuna picha moja ananisema mimi, ndiyo unaficha!"

"Picha haisemi, wifi."

"Ya kaka yangu ingesema!" Wakacheka, wakalia, wakacheka tena. Wifi akafuta mikono kwenye gauni. "Kesho tunakwenda. Kama ameungua, ameungua. Tutalia pamoja siku moja, tumalize. Haya ya kulia kila mtu na kona yake yametosha."

Wakaenda, binti wa kwanza akiwa katikati kama askari. Ile studio ya mjini ilikuwa chumba kimoja chenye pazia jeusi, na fundi picha alikuwa dada mdogo tu, mwenye kalamu nywelani. Aliipokea kamera, akasimuliwa ilivyofunguka, akaigeuza, akauliza jambo ambalo hakuna mtu aliyewahi kuuliza.

"Bibi, hii namba zake zilikuwa zinapanda au zinashuka?"

"Zinashuka."

"Na ukiweka mkanda mpya inanguruma muda mrefu?"

"Mpaka unachoka."

Dada yule akaanza kutabasamu. "Tangu ifunguke, imewahi kuwekewa betri?"

"Haijawekewa mpaka leo."

"Basi sikilizeni. Kamera nyingi zinaanza na mkanda ukiwa ndani ya kichupa chake, na kila ukipiga unatoka kidogo. Hii inafanya kinyume. Ukiweka mkanda, inauvuta wote nje kwanza. Ndiyo ule mngurumo. Halafu kila unapopiga, ile picha inarudishwa ndani ya kichupa, gizani. Kwa hiyo ulipofungua, zilizokuwa nje ni zile ambazo ulikuwa hujazipiga. Ulizozipiga zilikuwa zimeshaingia ndani, na bila betri hazikuvutwa tena nje."



"Sema tena, mwanangu," wifi akamwomba.

Akasema tena, polepole. Bi Moja alishika meza kwa mikono miwili. Lakini yule fundi picha hakutaka kumpa matumaini ya bure: mkanda ulikaa miaka mingi kwenye joto, huenda rangi zimekufa, yeye haahidi. Awape siku chache, atapiga simu.

Siku hizo chache Bi Moja alikaa na simu mapajani. Mtu aliyepokea simu za kiwanda kizima kwa miaka thelathini na tano alikuwa anaogopa simu moja. Ilipolia, watu wote wa ua walisikia. Aliiweka sikioni. Yule dada wa studio alisema neno moja tu, "Haloo," na kabla hajaongeza la pili Bi Moja alikuwa anacheka na machozi yanamtoka, kwa sababu sauti ya mwenye habari mbaya aliijua, na ile haikuwa yenyewe.

Picha zilitoka. Rangi zimefifia kama nguo iliyofuliwa sana, zina punje punje, lakini yeye yupo: ana povu la sabuni shavuni, ana miwani kichwani, ana kidole kimenyooshwa kwa redio. Wifi alizipanga kitandani zote. "Ndiye! Angalieni, hata ubishi wake umetoka!" Wajukuu waliokuwa wachanga alipofariki walimwona babu yao kwa mara ya kwanza, na mmoja akagundua amechukua masikio kutoka kwake. Iliyoharibika ilikuwa moja, ile ya mwisho, iliyokuwa katikati ya njia betri ilipokwisha. Nusu nzima ilikuwa nyeupe, imeliwa na mwanga. Bi Moja aliisogeza karibu na macho, akaigeuza huku na huku, kisha akashusha pumzi ambayo binti yake anasema ilikuwa ndefu kuliko zote alizowahi kuzisikia.

"Ni kiti," alisema. "Kimeungua kiti. Kiti tunacho."

Tangu siku hiyo alilala ameelekea dirisha. Mtoto wake wa pili, yule mvulana, sasa fundi wa kuchomelea vyuma, alimtafutia betri na mkanda mpya, na miezi ile miwili ya mwisho alipiga picha kama zamani: kikombe cha dawa, nesi anayepiga miayo, unyayo wa wifi wenye ufa. Picha hizo ziko kwenye meza pale mlangoni, mnakaribishwa kuziona. Kama humo mmefumba macho, msilalamike.

Alifariki nyumbani, tarehe 9 Aprili 2025, asubuhi, baada ya chai, akiwa na umri wa miaka sabini na tisa. Alikuwa na wifi yake. Pumzi zilikuwa zimeanza kuachana, na hakuonekana kuumwa. Wifi alimwinamia, akamnong'oneza, "Ukimkuta msalimie. Mwambie nimemwona." Bi Moja alitikisa kichwa kukubali, akasema, akiwa amefumba macho, "Nitamwambia zimetoka." Baada ya hapo hakusema kitu kingine, na hakuhitaji.

Ameacha wifi, ambaye ameomba atajwe wa kwanza na si wa mwisho, na hakuna aliyethubutu kumkatalia. Ameacha watoto watatu, wakwe watatu, wajukuu wanane na kitukuu mmoja. Ameacha majirani wa ua mzima, wenye sauti wote wa kiwanda cha biskuti waliobaki, na albamu ambazo familia imeamua zikae sebuleni, siyo kabatini.

Familia inawashukuru madaktari na manesi waliomtunza, inawashukuru majirani waliokesha nasi, na inamshukuru yule dada wa studio, ambaye tunamwona amesimama kule nyuma.

Mungu amlaze pema, alale usingizi wa mtu asiyedaiwa jibu. Na yule anayemsubiri huko, akiuliza, ataambiwa: zimetoka zote, isipokuwa kiti.